Darasa zuri la kunusa mvinyo, mahali pasipofaa

Hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza, upande wa Capri Point, huandaa jioni ya kuonja mvinyo, na sifa yake kubwa ni jambo ambalo tangazo lake halilitaji kabisa: mgeni hufundishwa kunusa kabla ya kuruhusiwa kunywa. Mwelekezaji alimimina mvinyo usiozidi theluthi ya glasi, akaeleza kuwa nafasi inayobaki tupu ndiyo inayokusanya mvuke wenye harufu, na kwamba glasi iliyobana kidogo mdomoni huzuia mvuke huo kutawanyika kabla haujafika puani.

Hunuswa kwanza glasi ikiwa imetulia, ili harufu nyepesi zisipotee, kisha huzungushwa taratibu juu ya meza mpaka mvinyo upande kwenye kuta za glasi, ndipo inuswe tena. Katika Chenin Blanc ya Dodoma, ambayo ni mvinyo mweupe, nilipata limau mara ya kwanza. Baada ya kuizungusha likaja pera bivu, tena waziwazi. Shiraz ya Afrika Kusini, mvinyo mwekundu, ilitoa harufu ya pilipili manga, na mwelekezaji alifafanua kwamba hakuna aliyetia kiungo humo, bali ganda la zabibu hizo lina kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo pia katika pilipili manga yenyewe. Harufu ya karafuu iliyofuata aliihusisha na pipa la mwaloni ambamo mvinyo huo ulikomazwa.

Alisisitiza pumzi fupifupi badala ya kuvuta pumzi moja ndefu, kwa kuwa pua huzoea haraka, kama anavyoizoea harufu ya dagaa mtu anayeshinda akiwauza sokoni Kirumba. Pua ikichoka, alisema, mtu anuse mkono wa shati lake mwenyewe kisha arudi kwenye glasi. Ushauri huo ulinisaidia.

Lililonivutia zaidi halikuwa kwenye ratiba. Chupa moja ilipofunguliwa ilikuwa na harufu ya boksi lililoloa mvua, nayo, badala ya kuondolewa kimyakimya, ilipitishwa meza hadi meza ili kila mmoja aitambue kasoro itokanayo na kizibo chenye kemikali ya TCA. Mvinyo wa namna hiyo haudhuru mwili, ila harufu ya matunda huwa imefifia. Wapo wahudumu wengi ambao wangeimimina tu na kuendelea.

Kwa hiyo inasikitisha kwamba hoteli yenyewe haikuyazingatia mafunzo hayo. Meza zilipangwa upande unaopokea moshi wa jiko la sato wa kuchoma, na upepo wa ziwa ulipogeuka, kila glasi ilinukia samaki na ndimu. Ni chakula kitamu kwelikweli, lakini si kwa saa ile. Mvinyo mwekundu nao ulikaa mezani katika joto la jioni, ilhali unafaa kuwa kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi, hivyo kileo kikachoma pua na kuzifunika harufu nyingine. Jibini lilikuwa la kawaida.

Darasa ningelirudia, na ada yake ni ya haki. Hata hivyo, anayeweka nafasi aombe chumba cha ghorofani, ambacho siku hiyo kilikuwa kitupu na madirisha yake yanafungika, na aulize mapema kama mvinyo mwekundu utapozwa kidogo kabla ya kuletwa mezani.