Kuwasajili Watoto katika Ligi ya Kandanda ya Mtaani: Tathmini ya Mzazi Baada ya Muhula Mmoja

Mwezi wa Januari niliwasajili wanangu wawili, mvulana wa miaka 7 na msichana wa miaka 12, katika ligi ya kandanda ya watoto inayochezwa kila Jumamosi kwenye uwanja wa umma upande wa Makadara, hapa Nairobi. Muhula wa kwanza umekwisha, na nimeona ya kutosha kuweza kuwaeleza wazazi wenzangu. Sitaitaja ligi hiyo kwa jina, kwa sababu inaendeshwa na wakazi wanaojitolea na wameshaanza kurekebisha baadhi ya kasoro nitakazozieleza; isitoshe, ligi za namna hii zimejaa mitaani kuanzia Kayole hadi Kawangware, na mzazi anayekaa mbali na kwetu huenda akakutana na mambo yale yale. Hukumu yangu ni kwamba uwanjani watoto wanatunzwa vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini mezani, pale mzazi anapojaza fomu na kulipa, ligi inauliza mengi kuhusu malipo na machache mno kuhusu mtoto mwenyewe.

Fomu yenyewe ni karatasi moja iliyotolewa nakala mara nyingi hadi maandishi yake yamefifia. Inataka jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule anayosoma, nambari ya simu ya mzazi, saizi ya jezi na namna ya kulipa, kisha mzazi anatia sahihi. Mwanangu ana pumu. Nilitafuta mahali pa kuliandika jambo hilo upande wa mbele nikakosa, nikaigeuza karatasi nikakuta upande wa nyuma ni mtupu, basi nikaandika hapo kwa kalamu: ana pumu, inhela yake imo katika mfuko wa mbele wa begi la bluu, vumbi na baridi ya asubuhi ndivyo vinavyomsumbua zaidi, na nisipopatikana apigiwe simu shangazi yake. Kocha wa kundi la wadogo aliyasoma maneno hayo mbele yangu mstari kwa mstari, akaniomba nimwonyeshe jinsi inhela inavyotumika, kisha akaniambia, “Asante, mama. Hili tulipaswa kukuuliza sisi.”

Nalitaja tukio hilo mapema kwa sababu halikuishia katika maneno. Uwanja wetu ni wa murram, yaani udongo mwekundu wa changarawe, na Januari, jua likiwa kali na mvua ikiwa mbali, watoto ishirini wakikimbilia mpira mmoja hutimua wingu la vumbi linaloonekana hata kutoka barabarani. Jumamosi ya tatu mwanangu alianza kukohoa katikati ya mchezo. Kabla sijavuka mstari wa uwanja, kocha alikuwa ameshamtoa, amemkalisha mahali ambapo upepo haumletei vumbi, na begi la bluu liko miguuni pake. Mtoto alivuta dawa, akapumzika, na hakurudishwa uwanjani siku hiyo ingawa alilia akitaka kurudi. Ligi yenye makocha wa namna hiyo inastahili fomu bora kuliko ile, kwa maana mzazi ambaye hatajua kugeuza karatasi atamwacha mtoto mwenye pumu, kifafa au seli mundu mikononi mwa mtu asiye na habari yoyote.

Makundi yamegawanywa kwa umri: chini ya miaka 8, chini ya 10, chini ya 12 na chini ya 14, na siku inayohesabiwa ni tarehe 1 Januari. Binti yangu alitimiza miaka 12 siku chache baada ya Krismasi. Laiti angezaliwa juma moja baadaye, angekuwa mkubwa kuliko wenzake wote katika kundi la chini ya 12. Kwa kuwa alizaliwa alipozaliwa, ndiye mdogo kabisa katika kundi la chini ya 14, na baadhi ya wenzake wanakaribia kumzidi miaka miwili. Nilimwomba katibu wa ligi amshushe, akakataa kwa upole na kunieleza sababu yake: wakimshusha mmoja kwa huruma, kesho atakuja mwingine mwenye ndevu akidai huruma hiyo hiyo. Nilikasirika siku ile, lakini sasa naona alisema kweli. Udanganyifu wa umri umelisumbua soka la vijana hata katika ngazi ya juu kabisa, kiasi kwamba FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono, zinazoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, kuwachunguza wachezaji katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 mwaka 2009. Ligi ya mtaani haina mashine hiyo. Ina cheti cha kuzaliwa tu, na haina budi kukishikilia.

Hata hivyo, hawakishikilii kikatili. Jirani yangu mmoja hakuwa na cheti cha mwanawe, kwa kuwa maombi yake yalikuwa bado yanashughulikiwa, na akapewa ruhusa ya kutumia kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto chenye tarehe ya kuzaliwa na rekodi za chanjo, kwa sharti kwamba cheti kiletwe kabla ya muhula wa pili. Mzazi anayefikiria kusajili mtoto wakati wowote mwaka huu asingoje siku ya mwisho ndipo aanze kutafuta cheti.

Sasa nije kwenye malipo, ambako sikuridhika. Ada ilikuwa shilingi 2,000 kwa kila mtoto kwa muhula, na jezi shilingi 800 zaidi. Hakuna mahali popote pameandikwa kwamba mtoto wa pili wa familia moja hupunguziwa, lakini hupunguziwa. Nililijua hilo kwa kusikia mzazi aliyenitangulia kwenye foleni akiuliza. Vivyo hivyo inawezekana kulipa kwa awamu, ukiomba. Mzazi mwenye haya, au asiye na fedha za kutosha na asiyetaka kulisema hilo mbele ya watu, huondoka na mtoto wake bila kujua kwamba mlango ulikuwa wazi. Mambo mawili kama hayo yangeandikwa kwenye fomu kwa mistari miwili tu.

Nambari ya M-Pesa iliyochapishwa kwenye fomu ilikuwa ya simu ya mtu binafsi. Nilipouliza kama ligi ina nambari ya till, yaani nambari ya malipo ya M-Pesa isiyo ya simu ya mtu, nilijibiwa kwamba ipo, nikapewa, na niliitumia hiyo, kisha nikaomba risiti yenye jina la kila mtoto. Sina sababu ya kumshuku mtu yeyote kwa wizi, na sikuona dalili yake. Lakini fedha za watoto zikipita katika simu ya mtu mmoja, siku simu hiyo itakapopotea au mtu huyo atakapojiuzulu hakuna atakayeweza kuthibitisha nani alilipa na nani hakulipa. Jezi nazo zilifika juma la sita, wakati muhula ulikuwa umepita nusu, na mpaka siku hiyo watoto walicheza wakiwa wamevalia vizibao walivyopokezana mchezo baada ya mchezo. Hakuna aliyetuomba radhi.

Kuna kijisanduku chini ya fomu kinachosema kwamba mzazi anaruhusu picha za mwanawe kutumiwa na ligi, na alama ya kukubali imeshachapishwa tayari. Jambo hili si dogo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na idhini iliyowekwa na mtu mwingine kwa niaba yangu si idhini. Juma la pili picha ya timu ya wadogo, ikiwa na majina yao na majina ya shule zao, ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu ambao wengi wao siwajui. Nilimwandikia katibu, na picha hiyo ikaondolewa siku hiyo hiyo, jambo ninalomshukuru kwalo.

Baada ya kusema hayo, ni haki nieleze kwa urefu mambo yaliyonifanya nikae. Watoto wadogo hawachezeshwi kandanda ya watu wazima iliyopunguzwa kidogo tu. Kundi la chini ya 8 hucheza watano kwa watano kwenye robo ya uwanja, magoli madogo, na mpira wa saizi ya 3; wakubwa kidogo hucheza saba kwa saba na mpira wa saizi ya 4, ambao mzunguko wake ni kama sentimita 63 hadi 66, na ni kundi la chini ya 14 pekee linalogusa mpira kamili wa saizi ya 5, wenye sentimita 68 hadi 70. Nilidhani mwanzoni ni ubahili wa nafasi, mpaka nilipoona matokeo. Mwanangu, ambaye shuleni anaweza kukimbia kipindi kizima bila kuugusa mpira, hapa anaugusa kila mara kwa sababu hana pa kujificha. Makocha pia wamewakataza wadogo kupiga mpira kwa kichwa, kama ilivyofanyika Marekani tangu 2016 kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, na aliyewaza kuleta desturi hiyo hapa kwetu amewatendea watoto wetu wema mkubwa.

Vikinga vya muundi ni lazima, kwa kuwa kanuni za mchezo wenyewe zinavitaka, na refa hukagua kila mguu kabla ya kupuliza filimbi. Kuhusu njumu, nawaomba wazazi wasikie ushauri niliopewa: msimnunulie mtoto njumu kubwa ili azivae na mwaka ujao. Nilikuwa nimefanya hivyo katika soko la mitumba la Gikomba, nikafurahia bei, na juma la kwanza mwanangu akarudi na malengelenge visiginoni. Za meno ya chuma haziruhusiwi, na kwenye murram hazifai hata kidogo. Zenye meno mafupi ya mpira, hata zikiwa za mitumba, zinatosha kabisa, mradi zimkae.

Kwa upande wa wasichana bado kuna kazi. Katika makundi ya wadogo wanacheza pamoja na wavulana bila shida, lakini katika kundi la chini ya 14 wana timu yao, na walijitokeza tisa tu, kwa hiyo Jumamosi nyingi walicheza wenyewe kwa wenyewe kwenye nusu ya uwanja huku wavulana wakipewa ratiba yenye wapinzani wa mitaa mingine. Hakuna mahali pa kubadilishia nguo. Binti yangu na wenzake walibadilisha nyuma ya leso mbili zilizoshikwa na akina mama, nami nilikuwa mmoja wao, na wasichana wa umri ule hawastahili kufanyiwa hivyo kila juma. Nilipowauliza akina mama wengine kwa nini binti zao wengine hawakusajiliwa, sababu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa hiyo, wala haikuwa ada.

Desturi moja ya ligi hii inaipa hadhi machoni pangu kuliko makombe. Mara moja kwa mwezi timu zote huokota taka kuzunguka uwanja na kuzibua mtaro wa upande wa barabara, na timu inayokosa kushiriki inakosa pointi kwenye jedwali. Wazo hilo si geni Nairobi: chama cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, kiliunganisha kandanda na usafi wa mtaa tangu siku zake za mwanzo, na kutoka katika chama hicho ikazaliwa Mathare United, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Binti yangu, ambaye nyumbani hulazimika kukumbushwa mara tatu kuondoa sahani mezani, sasa hunikemea nikitupa karatasi dirishani mwa matatu.

Mvua za masika zilipoanza mwezi Machi, mechi mbili ziliahirishwa kwa kuwa uwanja uligeuka tope, na hazikuchezwa tena. Fomu haisemi lolote kuhusu siku za mvua. Sidai kurudishiwa fedha, kwa kuwa makocha walifika hata siku hizo na kuwafundisha watoto chini ya paa la ukumbi wa jirani, lakini mzazi anayelipia muhula wa pili ajue kwamba Aprili na Mei pia ni miezi ya mvua na aulize mapema. Familia zinazoshika Sabato nazo ziulize: kuna mchezo wa Jumapili alasiri kwa makundi mawili, nao pia hautangazwi.

Nimewasajili tena wote wawili. Fomu mpya ina mstari unaouliza maradhi na dawa za mtoto, na mwingine wa jina la mtu wa pili wa kupigiwa simu. Nambari ya till imechapishwa mahali pa ile ya simu ya mtu binafsi. Kuhusu chumba cha wasichana, katibu ameahidi kuzungumza na wasimamizi wa ukumbi ule wa jirani ili wafunguliwe chumba kimoja kila Jumamosi asubuhi, na akina mama watatu tumekubaliana kwenda naye. Kijisanduku cha picha bado kipo chini ya ukurasa na alama yake ya kukubali. Nimekikata kwa kalamu kwenye fomu zote mbili, nikaandika “hapana” pembeni, ndipo nikatia sahihi.