Matza za mkono vs za mashine, bei ile ina maana? (nimeziweka mezani kwangu zote)

Jamani kwa mliooa au kuolewa familia za Kiyahudi huku Marekani na zamu ya kuandaa Pasaka yao ndo imewaangukia, someni kabla hamjaenda dukani. Sisi tumehamia nyumba mpya hapa New Jersey, mama mkwe akasema basi seda (ule mlo wa ibada wa usiku wa Pasaka) mwaka huu ni kwenu, na kazi ya matza ikawa yangu, yani ile mikate isiyotiwa chachu ya kwenye Kutoka 12.

Za mashine ni za mraba, zinapangwa milima milima kila supamaketi, na nyingine ukifanya shopingi ya kiasi fulani wanakupa bando la uzito wa paundi 5 bure kabisa. Halafu kuna shmura, za duara, zinasukumwa kwa mkono, ngano yake inalindwa tangu inavunwa isiguswe na maji, na bei aisee, paundi moja inapita dola 20 bila aibu. Zote ni unga na maji tu, na zote inabidi ziwe zimeokwa ndani ya dakika 18 toka maji yaguse unga, ikizidi hapo inahesabika imeanza kuchachuka.

Ladha sasa. Shmura ni kama chapati iliyosahaulika kwenye chuma, ina madoa meusi, inanukia moshi kidogo, mi nimeipenda kuliko ya mraba ambayo haina chumvi wala harufu, ila hiyo shmura inakausha mdomo vibaya na wageni wengi walikula kipande wakaishia hapo. Kwa hiyo usinunue ya meza nzima, boksi moja linatosha, la zile tatu za ibada zinazowekwa mezani zimefunikwa kitambaa, maana ya katikati inavunjwa na kipande kikubwa kinafichwa watoto wakitafute (hapo nyumba mpya ina raha yake, mtoto wa wifi kazoea kona zote za kwa bibi yake, kwetu alihangaika mpaka akaanza kufungua friji). Za mraba ziache za kulia mizizi ile mikali inayotoa machozi, na asubuhi yake unazilowanisha unakaanga na mayai, tamu sana.

Unga wa matza (matza zilizosagwa) ndo usiubanie hela, vile vitonge vyake vya kwenye supu ya kuku vilisifiwa kuliko nyama yangu niliyohangaika nayo tangu jana yake.

Soma boksi vizuri, sio kila matza ni ya Pasaka, nyingine wameandika kabisa zisitumike siku hizo, na zile zilizokandwa na mayai kwa Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) ni za wazee na wagonjwa. Ugali na wali pia toa kichwani, hao Waashkenazi kwa desturi mahindi, mchele na maharage hawagusi wiki nzima, japo 2015 marabi wa dhehebu la Conservative waliruhusu, ila kwa mama mkwe wangu ruhusa hiyo haijafika.

Shmura nyota 3 kwa sababu ya bei, za mraba 4. Na kabla hujalipa omba wafungue boksi uangalie, unahitaji tatu nzima, na zile za mkono ukizitazama vibaya tu zimevunjika.