Monsta traki ya nitro: ununue nini kwanza, na nini kisubiri

Injini ya kwanza ya monsta traki yangu, gari dogo la rimoti linalotumia mafuta ya nitro, iliuawa na vumbi. Nilikuwa nimeshalipia ekzosti ya mbio, huku filta ya hewa ikiwa ile ile kavu iliyokuja na gari. Mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na hasara hiyo.

Tuanze na gari lenyewe. Nafasi ya kwanza naipa gari jipya lililounganishwa kiwandani, lenye injini ya kati ya cc 2.5 na 3.5 na linalosukuma kwa magurudumu yote manne. Traxxas T-Maxx 3.3 na Revo 3.3 zimo humo. HPI Savage ni chaguo la anayependa kuruka: chesisi yake ni mabamba mawili ya alumini yaliyosimama wima, nayo yanavumilia kishindo. Kabla ya kulipa, tafuta kama mikono ya magurudumu, klachi na gia zake zinapatikana. Zisipopatikana, liache hata likikuvutia vipi.

Ya pili ni gari la kuunganisha mwenyewe. Utalijua hadi skrubu ya mwisho, ila mara nyingi injini na rimoti hununuliwa kando. Usisahau gundi ya skrubu kila mahali chuma kinapoingia kwenye chuma, maana mtetemo wa nitro hufungua kila kitu.

La mkononi, yaani lililokwisha kutumiwa na mwingine, naliweka mwisho. Ukilitaka, toa plagi ya kuwashia injini, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kidole. Pistoni ikifika juu lazima ibane. Ikipita bila kubana popote, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imekwisha.

Sasa marekebisho, na hapa ndipo watu wanapokosea. Filta ya hewa inatangulia: sponji ya tabaka mbili, iliyolowekwa mafuta yake maalumu. Injini nyingi za aina hii hazina ringi za pistoni, kinachozuia mgandamizo kutoroka ni pistoni kukaa sawasawa ndani ya silinda, basi. Vumbi kidogo likipenya linasaga hapo hapo, na hakuna kabureta itakayokuokoa.

Linafuata felisefu, kifaa cha kufunga mafuta na kushika breki mawimbi ya rimoti yanapopotea au betri ya risiva (kipokea mawimbi cha garini) inapoisha nguvu. Bila hicho, gari la kilo kadhaa linaweza kukimbia peke yake kuelekea miguu ya watoto. Mimi siliwashi gari lisilo nacho. Kisha nunua servo ya usukani (mota ndogo inayogeuza magurudumu) yenye gia za chuma, kwa sababu matairi haya makubwa huvunja meno ya plastiki.

Kabla ya ekzosti, nunua kipimajoto cha kuelekeza kwenye kichwa cha injini. Mafuta ya nitro ni methanoli, nitromethani (asilimia 20 hadi 30 inatosha) na oili, na hiyo oili ndiyo kilainishi pekee cha injini. Ukibana sindano ya kabureta, skrubu inayopima mafuta yanayoingia, kupita kiasi, unapunguza oili pamoja na mafuta. Nalenga nyuzi 105 hadi 125 za Selsiasi, na moshi unaoonekana wakati wote.

Ekzosti ije baada ya hapo. Injini ya cc 4.6 kwenye gari lililoundwa kwa 3.3 naiweka mwisho kabisa: siku ukiifunga, bajeti pia difu, ekseli na klachi, kwa kuwa ndizo zitakazokatika.