Kabla ya Kununua Mashine ya Peleti, Pima Unene wa Sahani

Mashine yangu ya kwanza ya peleti, zile punje za chakula cha mifugo kilichoshindiliwa, siku hizi ni stendi ya ndoo. Iko nyuma ya banda la sungura hapa Pasua, Moshi, na kila nikipita naikumbuka milioni moja na laki mbili yangu. Muuzaji alinionyesha palepale dukani: juu akamimina pumba za mahindi, chini zikatoka peleti ngumu zinang'aa. Nikalipa. Nyumbani nikaweka mchanganyiko wangu, mashudu ya alizeti yakiwa mengi. Zikatoka laini, ukizishika zinamomonyoka. Sungura wakabaki kupiga chafya kwenye vumbi.

Wanaoniomba ushauri huuliza kilowati na kilo kwa saa. Kilowati zimebandikwa kwenye mota, utazisoma mwenyewe. Wasichouliza ni unene wa sahani ya matundu, ile mafundi wanayoiita dai, na hapo ndipo nilipoliwa.

Rola, yale magurudumu ya chuma yaliyo juu ya sahani, husukuma tu malighafi matunduni. Kinachokaza peleti ni msuguano ndani ya tundu. Tundu la milimeta 4 kwenye sahani ya milimeta 20 lina urefu mara 5 ya upana wake, na hesabu hiyo ndiyo ya kumdai muuzaji. Mashudu yana mafuta, yanateleza, kwa hiyo yanataka tundu refu zaidi. Mahindi yana wanga unaolainika kwa joto na kushikana mapema; ukiyapitisha kwenye sahani nene mno yanaziba, na utashinda unazibua matundu kwa drili. Vumbi la msonobari nalo, kwa anayetengeneza peleti za kuni, linadai sahani nene kuliko ya chakula cha kuku. Pumba za mpunga za kule Mabogini zina silika nyingi, zinakwangua chuma kama msasa. Sasa mtu anayekuambia sahani moja inafaa kwa vyote hivyo, anakuuzia nini?

Chaguo langu la kwanza ni mashine za Gemco, kampuni ya China, zile za aina ya ZLSP zenye sahani bapa. Nina upendeleo, na sijalipwa na mtu. Kwao unaagiza sahani za ziada, na wanatenganisha mashine ambayo sahani ndiyo inayozunguka na ile ambayo rola ndizo zinazozunguka. Kwa chakula cha mifugo chukua ya kwanza. Kwa mbao, ya pili. Ila hakikisha una umeme wa fezi tatu kabla hujaagiza.

La pili ni karakana za hapahapa. Anzia kuulizia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, Moshi au Arusha. Uzuri wake ni kwamba unaenda na gunia la malighafi yako, fundi anakuchongea sahani ya unene unaoutaka. Muulize kama chuma chake kimepitishwa motoni kikakomaa. Cha kawaida kinalika upesi, matundu yanapanuka, na peleti zinarudi kuwa laini. Sahani mpya yoyote ilainishwe kwanza kwa pumba zilizochanganywa na mafuta na mchanga laini, na ukimaliza kazi pitisha pumba zenye mafuta ili kisikaukie kitu ndani ya matundu.

Zile ndogo za fezi moja zinazopangwa mlangoni mwa maduka? Kama una kuku ishirini, sawa.

Bei sasa. Nilipoulizia sahani nene ya mashine yangu nikatajiwa karibu nusu ya bei ya mashine nzima, tena kwa dola, ungesema duka liko ng'ambo na si hapa mjini. Nikajikaza nikalipa. Ikaja baada ya miezi miwili, na matundu ya boliti hayalingani. Risiti imeandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", kwa herufi ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Kwa hiyo hata kwa Gemco, sahani ya pili inunuliwe siku hiyohiyo na mashine, ifungwe mbele yako.

Yule muuzaji nilimpigia simu mara tatu. Ya tatu akapokea, mpole kabisa: "Dada, ongeza maji kidogo tu, zitashikana." Nikaongeza. Kufika Jumapili gunia zima lilikuwa limeota ukungu.