Diskasi chotara wa mwituni: uzoefu wangu wa miezi 14

Samaki sita wa diskasi (samaki bapa wa mviringo wanaofugwa tangini) niliowanunua kwa mwagizaji mmoja hapa Hamburg waliuzwa kama chotara waliovuliwa katika mto Nhamundá, unaopita mpakani mwa majimbo ya Amazonas na Pará nchini Brazili, ambako diskasi aina ya Heckel na diskasi wa buluu huzaliana bila mkono wa binadamu. Niliwatamani kwa miaka mingi, na bado nawapenda kuliko samaki wote niliowahi kufuga.

Diskasi ana mistari tisa ya wima ubavuni, na kwa Heckel halisi ule wa tano ni mpana na mweusi kupita jirani zake. Siku walipofika, mistari yote ilikuwa imekolea, kwani ndivyo samaki huyu anavyoonyesha hofu, hivyo sikuweza kuamua lolote. Baada ya majuma matatu, walipotulia, niliona mstari wa tano mpana lakini uliofifia kwa wanne kati yao, dalili ya uchotara niliyokuwa nikiitafuta. Wawili waliobaki siwezi kuwatofautisha na diskasi wa buluu wa kawaida, ingawa niliwalipia bei ileile ya chotara, na jambo hilo limenisikitisha sana.

Maji ndiyo yaliyonigharimu kuliko samaki wenyewe. Kwao ni maji laini, yenye asidi na rangi ya chai inayotokana na majani yaliyooza, ilhali ya bombani kwangu yana chokaa. Kwa hiyo nilinunua mtambo wa kuchuja kwa osmosisi, unaoondoa chokaa majini, nikaweka magogo na majani makavu ya mti wa mkungu, na nikadumisha joto la nyuzi 29 hadi 30. Niliwatenga majuma sita katika tangi lisilo na mchanga, nikichunguza kinyesi kila siku, maana kinyesi cheupe chenye kunyooka kama uzi mara nyingi huashiria vimelea vya utumbo. Chakula cha punje walikikataa kabisa. Walianza kwa mabuu ya mbu yaliyogandishwa.

Mwagizaji huyo aliwafungasha vizuri, kila samaki katika mfuko wake, na hakuna aliyekufa. Nikinunua tena kwake, nitaomba kwanza picha za kila samaki zilizopigwa siku kadhaa baada ya kutulia, mstari wa tano ukionekana wazi.