Pikapu ya Brija ya Gitaa kwa Mngurumo Mzito: Ipi Uinunue

Pikapu ni kifaa cha sumaku na koili kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi za gitaa la umeme kuwa sauti ya kwenda kwenye amplifaya; ya brija hukaa karibu na brija, daraja linaloshika nyuzi mwilini mwa gitaa. Wengi hutazama namba ya omu (kipimo cha ukinzani wa waya wa koili) kwenye boksi na kudhani kubwa ndiyo nzito. Usiifuate. Seymour Duncan JB ina takriban kiloomu 16.4 na Distortion ya kampuni hiyohiyo ina 16.6, lakini ukipiga rifu (kipande kifupi kinachorudiwa) huku umezima nyuzi kwa kiganja, utadhani umebadilisha gitaa. Tofauti imo kwenye sumaku: JB ni alniko 5, Distortion ni seramiki, aina mbili za sumaku. Seramiki hukaza besi, noti zikasikika moja moja hata geini (kiwango cha mngurumo kwenye amplifaya) ikiwa juu.

1. Seymour Duncan Distortion. Hii ndiyo ya kwanza kwa gitaa lenye nafasi ya hambaka, yaani pikapu ya koili mbili. Haitaki betri, na poti zako (vidhibiti vya sauti vilivyo chini ya vitufe) za kiloomu 500 zinabaki palepale. Trebo yake ni kali. Gitaa ambalo tayari linakwaruza masikio, lipe namba 2.

2. DiMarzio Super Distortion. Ipo tangu 1972. Ni seramiki pia, ila sauti ya kati imejaa na trebo ni ya upole. Omu zake ni kama kiloomu 13.7 tu, na bado inaisukuma amplifaya kwa nguvu.

3. EMG 81. Kwa ukimya na kukaza, hakuna inayoifikia hapa. Tunaishusha kwa sababu ya kazi ya kuifunga: betri ya volti 9 na mahali pa kuiweka, poti za kiloomu 25, na jeki ya stirio inayokata umeme ukichomoa kebo. Ukiacha poti za 500, kitufe cha sauti hufanya kazi kama swichi: kimya, kisha ghafla yote. Waya ya ethi ya brija huondolewa.

4. JB. Tamu kwa solo. Ukishusha tyuni sana, besi hulegea.

Nafasi ya koili moja? Chukua Hot Rails ya Duncan, inaingia bila kuchonga mbao.

Kabla ya kulipa, pima juu ya brija kutoka katikati ya uzi wa 1 hadi wa 6. Milimita 49 hadi 50, nunua ya kawaida. 52 au 53, nunua ya nafasi pana: kwa Duncan huitwa Trembucker, kwa DiMarzio F-spaced.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kufuata rangi za kampuni moja kwa pikapu ya nyingine. Kwa Duncan, waya nyeusi ndiyo ya sauti, nyekundu na nyeupe huunganishwa na kufungwa tepu, ya kijani na iliyo uchi huenda ethi. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo ya sauti, nyeusi na nyeupe huunganishwa, kijani na uchi ethi. Ukizichanganya, koili moja inageuka na kupingana na mwenzake: sauti inakuwa nyembamba, ya puani, na mvumo unarudi.

Waya za ethi hulehemiwa kwenye mgongo wa poti, nao hunyonya joto. Ukwaruze kwa msasa, tumia pasi ya kulehemu ya wati 40 au zaidi. Risasi ikiganda bila kushika, gitaa litavuma.

Mwisho, bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, anza na nafasi kati ya nyuzi na pikapu ya milimita 2.5 upande wa besi na 2 upande wa trebo. Ukiisogeza karibu zaidi, sumaku huvuta nyuzi na noti haikai muda mrefu.