Vitabu vya nyangumi, pomboo na nguva kwa mtoto anayeanza kusoma

Jamani wazazi wa Arusha wenye watoto darasa la kwanza, nimepata vitabu vya picha vya wanyama wa baharini kwenye kaduka kamoja ka vitabu karibu na Mnara wa Saa, elfu sita kimoja, nikachukua vitatu, cha nyangumi, cha pomboo na cha nguva. Sio hadithi za sungura na fisi, ni mambo ya kweli matupu, na mwanangu ambaye bahari hajawahi kuiona sasa hivi halali bila nyangumi.

Kila ukurasa una picha moja kubwa na sentensi moja fupi, "Nyangumi anavuta hewa", basi, mtoto anaimaliza mwenyewe. Neno mamalia alilikata kwa silabi likatoka "mama lia", akaniuliza mama analia nini, ikabidi nimfungulie ile picha ya ndama wa nyangumi ananyonya nikamwambia ni wote wanaonyonyesha, hata wewe nilikunyonyesha, akanyamaza akaitazama muda mrefu sana.

Na picha ndo pa kukagua kabla hujalipa. Kwenye rafu hiyohiyo kulikuwa na kingine, rangi zinang'aa kweli, ila nyangumi kachorwa mkia umesimama kama wa sato. Nikakirudisha. Samaki mkia umesimama anaupiga kushoto kulia, nyangumi na pomboo mkia umelala wanaupiga juu chini, na mtoto anayeanza anasoma picha kabla ya herufi, ukimpa mkia wa uongo atakua anajua nyangumi ni samaki kama tulivyokua wengi wetu.

Kuna mahali kimeandika nyangumi wa buluu anafika mita 30 hivi, miaka sita atajulia wapi mita 30, nikampeleka stendi nikamwonyesha Coaster nne zimefuatana, nikamwambia mmoja tu ni hivyo, na zaidi kidogo.

Cha nguva ndo nimekipenda kuliko vyote. Kinasema nguva na tembo ni ndugu, na kinaonyesha nguva jike matiti yako kwapani na tembo naye yako pale kati ya miguu ya mbele, sasa mtoto wa huku tembo anamjua, Tarangire sio mbali, akaelewa hapohapo. Tena nguva wapo kwetu, Rufiji mpaka Kilwa, wachache mno, wananasa kwenye nyavu, na kitabu kimelisema hilo taratibu bila kumtisha mtoto.

Cha pomboo kimenipwaya, karibu kila picha anaruka kwenye bwawa la maonyesho wakati Kizimkazi kule Zanzibar wanaogelea wenyewe baharini. Halafu gundi ni mbovu, wiki ya pili kurasa zikaanza kuchomoka, nimeshona na uzi.

Dada wa dukani ana roho nzuri, anamwacha mtoto akae chini asome kurasa mbili tatu kwanza, kwa hiyo nendeni naye, msimnunulie kwa kukisia.